Corolla 110 na rimu za 17 kwa barabara za Mtwara: zitakaa?

Shangani110
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A. Inavaa 175/65R14, na nyuma ya rimu pameandikwa 14x5½J, 45. Kuna mtu hapa Mtwara mjini anauza seti ya rimu za 17, upana 7J, ET35, matundu nane, pamoja na tairi 205/40R17. Anasema zinaingia gari yoyote ya nati nne. Gari inashinda mjini, ila wikiendi nyingi inakwenda Tandahimba na Newala, na msimu wa korosho inajaa watu na mizigo. Zitakaa bila kugusa? Na kama 17 ni kubwa mno, niende saizi gani? Fenda sitaki kuikata.

FundiLigula
Kuingia zitaingia, mkuu. Kazi ipo kwenye kukata kona na kuvuka tuta ukiwa umejaza gari.

Matundu nane maana yake rimu ina PCD mbili (PCD ni idadi ya nati na kipenyo cha duara la matundu yake kwa mm), mara nyingi 4x100 na 4x114.3. Yako ni 4x100. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo, upate milimita 100 kamili. Hilo ndilo pekee muuzaji alilokujibu.

Sasa upana na ofseti (hiyo ET, yaani uso unaokaa kwenye habu uko mm ngapi kuelekea nje kutoka katikati ya upana wa rimu). Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita (5½J na 7J ni inchi, inchi moja ni mm 25.4). Ukitoa ET unapata umbali wa ukingo wa nje kutoka uso wa habu, ukijumlisha ET unapata wa ndani. Rimu yako 5½J ET45: nje 25, ndani 115. Ile ya 7J ET35: nje 54, ndani 124. Yaani inatoka nje karibu sm 3 na inaingia ndani kuelekea shokapu karibu sm 1. Hizo sm 3 ndizo zitakazolamba mdomo wa fenda ya nyuma kila ukipakia. Mbele, usukani ukikatwa mpaka mwisho, bega la tairi litakwangua plastiki ya ndani ya fenda. Tena rimu ikitoka nje hivyo, beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na gari ya umri huo beringi zake unazijua.

Kimo cha tairi si tatizo: 175/65R14 (upana mm 175, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 14) ina kipenyo cha mm 583, 205/40R17 ina mm 596. Ni tofauti ya asilimia 2 tu. Ukuta wa tairi ndio shida. Yako ina ukuta wa mm 114, ile mm 82. Kwenye shimo lenye kingo kali ukuta mfupi unabanwa kati ya rimu na lami, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe ubavuni. Uvimbe hauzibwi, tairi hiyo ni ya kutupa. Kwa njia unazotaja, mimi 17 siifungi.

Nenda 15, upana 6J, ET45 au karibu na hapo. Hiyo inaongeza mm 6 tu kila upande. Tairi:

185/55R15: kipenyo mm 585, ukuta 102. Spidomita haibadiliki.
195/50R15: mm 576, ukuta 97. Gari inashuka kidogo, kwa huku siipendi.
195/55R15: mm 596, ukuta 107, na kwa kawaida inabeba zaidi: namba ya mzigo 85 ni kilo 515 kwa tairi, wakati 82 ya hizo nyingine ni kilo 475. Hii ndiyo ningekufungia, mradi springi za nyuma hazijalala.

Mingoyo_Njiapanda
Naongezea mtego mmoja. Utaambiwa chukua rimu za 15 za Toyota IST, PCD ileile 4x100 na tundu la kati lilelile mm 54.1. Ni kweli, na rimu zenyewe ni nzuri. Ila zinauzwa na tairi zake 185/65R15, kipenyo mm 621. Hiyo ni asilimia 6.6 zaidi. Wengi wanazipenda kwa sababu gari inanyanyuka karibu sm 2, sawa, lakini injini ya 5A inakuwa nzito kupanda, na nafasi kati ya tairi na kikombe cha springi inapungua hizohizo sm 2. Halafu spidomita ikisoma 50 unaweza kuwa kwenye 53, ueleze hayo kwa trafiki mwenye tochi. Chukua rimu, tairi mwachie.

Nati12
Watu wanasahau vitu vidogo. Rimu za spoti zina tundu kubwa la kati, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili ziuzwe kwa magari mengi. Bila pete ya kujaza mpaka 54.1 rimu inakaa kwa nati tu, na usukani unatetemeka kuanzia 80 hivi hata ubalansi mara ngapi. Nunua pete za alumini, za plastiki zinalainika kwa joto la breki.

Nati ni M12x1.5. Rimu nyingi za spoti zinataka nati yenye koni ya nyuzi 60. Rimu nyingi za alumini za Toyota yenyewe zinataka nati bapa yenye washa. Ukichanganya, nati inagusa ukingoni tu na italegea. Ikizunguka chini ya mara 6 au 7 kabla ya kukaza, bolti ni fupi kwa rimu hiyo, usifunge. Kaza kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya torque), kwa msalaba, kisha rudia baada ya km 50 hadi 100. Spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) achana nazo.

Shangani110
Nimewaelewa, 17 naiacha. Rimu za mtumba nazipimaje kabla sijatoa hela?

FundiLigula
Mwambie azitie kwenye mashine ya balansi bila tairi, utazame ukingo wa ndani ukizunguka. Rimu iliyopinda inacheza machoni kabisa. Angalia upande wa ndani kama kuna nyufa au alama za kuchomelea. Iliyochomelewa usiichukue. Huku pwani chumvi inakula pale tairi inapokalia, upepo unavuja taratibu na kila fundi anatafuta pancha isiyokuwepo. Pasuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kufunga tairi.

Kisha funga moja mbele na moja nyuma, kata usukani mwisho kulia na kushoto huku kuna watu wanne ndani na mifuko kwenye buti. Paka chaki kwenye mdomo wa fenda, vuka tuta taratibu, angalia imefutika wapi. Ikiwa springi za nyuma zimelala, badilisha hizo kwanza. Alaimenti mwisho.

Mingoyo_Njiapanda
Na tairi za mtumba soma namba nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri juu haimaanishi mpira haujakauka.