Yule fundi saa wa Makoroboi, Mwanza: THINA KWENYE KIFUNIKO CHA SODA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods msiunganishe uzi huu na wowote.

Yule fundi mnamjua, simtaji. Leo saa nne asubuhi kaitia saa yangu thina. Thina ya rangi ya magari, kwenye kifuniko cha soda!

Saa ni Audemars Piguet (AP), saa ya bei mbaya ya Uswisi, aina ya Royal Oak Offshore, ya marehemu baba mdogo, aliinunua enzi minofu ya sangara inalipa. Ni ile iliyotoka 1993, pana milimita 42, sahani ya ugali kabisa! Kifundo cha kutegea majira na vibonyezo viwili vya pembeni vimevikwa mpira. Mpira ulikuwa umefubaa kwa jasho, basi. Nikamwambia mara tatu: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini. Akanijibu, "Bosi, mpira ni mpira tu, hata ndala ni mpira." Pamba kwenye kifuniko, chubwi!

Mpira ukavimba kama andazi. Kibonyezo cha juu kikagoma. Akatoa WEMBE, akaanza kuupunguza! Jamani, mpira si chuma kwamba utaupiga polishi urudi. Ukishachongwa ni kutafuta kipya.

Halafu akadai elfu kumi na tano. Ya nini? Ya thina?

Na ile soda nilimnunulia mimi. Kifuniko cha soda YANGU!

Jiwe la Bismarck: AP halisi unaipeleka chini ya mwamvuli? Leta picha tuone mshale wa sekunde kama haurukiruki.

Mleta uzi: Ni halisi! Kifuniko cha soda niliyomnunulia mimi, mkuu, unaelewa?

Mama Dagaa: Huyo huyo! Kaniwekea betri saa ya ukutani, sasa kwangu kila siku ni jana.

Mvuvi Mstaafu: Pole mkuu. Iache kivulini penye hewa, thina ikikauka uvimbe unaweza kupungua. Usipake mafuta yoyote. Na dawa ya mbu ya kupaka, ile yenye DEET, ikae mbali, inakula plastiki na baadhi ya mipira. Kwenye jeraha la wembe sina msaada.

Kamanga Kwetu: Afadhali yako. Fundi cherehani kanishonea suti ya harusi, mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko. Harusi Jumamosi!

Mama Dagaa: Yule mwenye redio kubwa? Ana gauni langu tangu Pasaka!

Kamanga Kwetu: Huyo huyo! Kasema "nyoosha bega, utakaa sawa."

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kifuniko.

Jiwe la Bismarck: Harusi ya wapi? Sato watakuwepo?

Kamanga Kwetu: Nyegezi. Sato wapo, suti ndiyo sina.

Mama Dagaa: Sato wa ziwani au wa vizimba? Wa vizimba siji.