Mrejesho: gari la kujiunganishia lililokuwa likivuta usukani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama sasipenshoni (springi na mikono inayoshikilia magurudumu) ya gari nililojiunganishia inafaa barabarani, maana uwanjani kila nikipanda tuta usukani ulivuta wenyewe.

Aliyesema nitoe springi, nipandishe gurudumu kwa jeki huku nikipima uelekeo wake, ubarikiwe sana! Matairi ya mbele yalikuwa yanageukia nje kila yanapopanda. Raki ya usukani (chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kulia ukizungusha usukani), iliyo mbele ya ekseli, ilikaa juu mno, hivyo tairodi (fimbo zinazotoka kwenye raki kwenda kugeuza magurudumu) hazikwenda sambamba na mikono ya chini ya sasipenshoni. Nimeishusha milimita 6 kwa kuweka washa (vipande bapa vya chuma vyenye tundu). Kuvuta kumekwisha, karibu kote.

Springi laini nilizojaribu zilinigomea: nikikanyaga breki, pua inagusa chini. Nimerudisha ngumu, mgongo utazoea. Ukaguzi bado, na kabla yake siingii nalo barabarani.

Asanteni.