Maswali ya kosa linalofanana: herufi, maneno, au hitimisho kwanza?

Mtahiniwa:
Wakuu, najiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani. Tangu Agosti 2024 sehemu ya michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) imeondolewa, na sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kwa hiyo siwezi kuyakwepa maswali ya "hoja ipi ina kosa kama hili". Nimeona njia tatu: kugeuza hoja kuwa herufi, kulitaja kosa kwa maneno, au kutazama hitimisho kwanza. Mfano: Kila aliyefaulu alisoma kwa bidii. Juma alisoma kwa bidii. Basi Juma alifaulu. Mngeanzia wapi?

Tafakuri:
Herufi, bila kusita. Kila A ni B. X ni B. Basi X ni A. Sasa tafuta umbo hilo: Kila ndege ana mabawa. Popo ana mabawa. Basi popo ni ndege. Ukishaondoa maneno, mada haikuchezei tena. Jibu linalozungumzia mitihani na bidii ndilo la kutiliwa shaka zaidi, maana limewekwa pale likuvute.

BintiMantiki:
Mkuu Tafakuri, nakubali kwa hoja za "kila" na "ikiwa", lakini hapo ndipo herufi zinapoishia. Chukua hii: kila mchezaji wa timu ni hodari, basi timu ni hodari. Au hii: wanaolala mapema wana afya nzuri, basi kulala mapema ndiko kunakoleta afya. Herufi zitakuonyesha nini hapo? Kosa liko kwenye maana. Mimi husema kwa sentensi moja: "amechukua sifa ya sehemu akaipa kitu kizima", au "ameona vitu viwili vinaandamana akadai kimoja kimesababisha kingine". Sentensi hiyo ndiyo naipitisha kwenye kila jibu. Usipoweza kuitunga, hujalielewa kosa, na kusoma majibu matano ni kupoteza muda.

Mchujo:
Maswali kama 25 kwa dakika 35, nani ana muda wa kuchora herufi kwenye majibu yote? Tazama hitimisho. La mfano lina uhakika kamili: Juma alifaulu. Jibu linaloishia na "huenda" au "wengi wao" linaondoka papo hapo. Mara nyingi yanabaki mawili.

BintiMantiki:
Na katika hayo mawili, moja linaweza kuwa hoja sahihi kabisa! Kila ndege ana mabawa. Kiumbe hiki hakina mabawa. Basi si ndege. Hitimisho lina uhakika, kosa halipo. Mchujo wako hauwezi kuliona hilo.

Mchujo:
Kweli dada. Ni njia ya kupunguza, haichagui.

Tafakuri:
Niongeze jambo linaloangusha wengi. Mpangilio wa sentensi hauna maana. Hitimisho linaweza kutangulia. Pia "asiyesoma kwa bidii hafaulu" ni sawa na "kila aliyefaulu alisoma kwa bidii". Kwa hiyo usilitupe jibu kwa sababu tu limejaa "si" na "ha-". Ligeuze kwanza, ndipo uamue.

Mtahiniwa:
Basi nitaanza na sentensi ya dada, nifyeke kwa hitimisho, na herufi nizitumie yakibaki mawili yenye "kila" au "ikiwa". Maswali yakiwa marefu mno, niyaache mwisho wa sehemu?

Mchujo:
Yaache. Swali refu lina alama moja kama swali fupi.