Naomba ushauri: sikio limepoa ila bado limeziba

Habari zenu wapendwa. Daktari alinikuta na maambukizi ya sikio la nje, akanipa matone ya antibayotiki. Maumivu yamepungua sana. Mwanzoni hata kukigusa kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio nilikuwa naruka. Sasa natafuna na kulalia upande huo bila shida.

Kinachonisumbua ni kuziba. Sauti nazisikia kama niko chini ya maji, na ndani kunawasha, hasa usiku. Vijiti vya pamba sigusi kabisa, vinachubua ngozi na kuamsha ugonjwa upya. Nikioga naweka pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Mliopona, usikivu ulirudi baada ya muda gani? Kuogelea mlianza lini? Na ni dalili zipi zinirudishe hospitali haraka?