Mjadala: Nyumba ya kale irudishwe ilivyojengwa, au mabadiliko yake nayo yalindwe?

Mtoa mada

Ndugu zangu, naomba tujadili swali ambalo Waingereza wamekuwa wakilivutania tangu karne ya 19: nyumba ya shamba iliyokwisha kutimiza miaka mia tano irudishwe katika hali ya siku ilipojengwa, au kila kilichoongezwa na walioishi humo kilindwe sawa na nguzo zake za kwanza? Mimi nasimama upande wa pili, na nitautetea kwa nyumba moja ambayo huenda wengi wenu mmewahi kuiona pichani.

Nyumba hiyo iko Shottery, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon, na ndiyo nyumba ya wazazi wa Anne Hathaway, aliyeolewa na William Shakespeare mwaka 1582. Sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 15, enzi ambazo nyumba za namna hii zilikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani, bila dari na bila dohani; moto uliwashwa sakafuni, na moshi ukajitafutia njia ya kutokea kwenye mabua ya paa. Kenchi zake za mwanzo ni jozi za magogo ya mwaloni yaliyopinda tangu mtini, kila gogo likipanda kutoka chini ya ukuta hadi kileleni mwa paa, na kati ya mbao za kuta palisukwa fito zikakandikwa udongo. Mwaka 1610 Bartholomew, ndugu yake Anne, aliinunua nyumba ambayo familia ilikuwa ikiikalia kwa kupanga, na upande wake ulioinuka zaidi ni wa karne hiyo ya 17. Kwenye dohani moja kuna herufi I.H. na mwaka 1697, alama iliyoachwa na mmoja wa kizazi cha baadaye cha Hathaway. Tena mwaka 1969 moto uliiharibu vibaya, kwa hiyo sehemu ya tunachokitazama leo ni kazi ya mafundi wa karne ya 20.

Sasa, anayetaka nyumba hiyo irudi kama Shakespeare alivyoikuta alipokwenda kuposa, itambidi abomoe upande wote wa karne ya 17, aing'oe dohani yenye mwaka wake, kisha ajaze pengo kwa mambo ya kubuni, kwa sababu hakuna aliye hai anayejua pale palikuwaje. Atakuwa amebomoa kitu cha kweli ili ajenge dhana. Uharibifu huo huo, uliofanywa kwa jina la kurejesha, ulikumba makanisa mengi ya Uingereza katika karne ya 19, ndipo William Morris, msanii na mwandishi wa Kiingereza, na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, wakishikilia kwamba jengo likarabatiwe panapohitajika, lisirudishwe nyuma kwa kukisia.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi. Katika jimbo la Devon, mafundi wa paa wana desturi ya kuondoa tabaka la juu lililochakaa na kuezeka jipya juu ya lile la zamani, na baadhi ya nyumba bado zina tabaka la chini kabisa lililowekwa kabla ya dohani kuingia. Mabua yake ni meusi kwa masizi ya moto wa ukumbini, na masuke yaliyosalia humo yamewawezesha wataalamu kuchunguza aina za ngano na nafaka nyingine zilizolimwa zama hizo. Fundi akiparua paa lote ili aanze upya kwa usafi, ushahidi huo wote unaishia jalalani kwa siku moja.

Mchangiaji

Ndugu mtoa mada, umeieleza nyumba vizuri, lakini hoja yako inakurudia mwenyewe. Ikiwa uzuri wa nyumba ya Shottery umetokana na watu walioibadili kila walipohitaji, kwa nini mkono wa aliye hai leo ufungwe? Bartholomew alijenga kwa haja zake. Leo orodha ya majengo yanayolindwa Uingereza ina maingizo yapatayo 400,000, na mengi ni ya daraja la chini, yaani nyumba ambazo watu wanalala na kulea watoto humo. Mabadiliko yoyote yanayogusa sura au tabia ya jengo, ndani na nje, yanahitaji kibali, na kuyafanya bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Nyumba ya Shottery imekuwa chini ya taasisi tangu mwaka 1892 na haina mzee anayetetemeka usiku nyuma ya dirisha la kioo kimoja. Unawatetea wakazi waliokufa kuliko walio hai.

Mtoa mada

Nakushukuru, ndugu, kwa kuligusa jambo lenyewe. Sipingi mkazi wa leo kuibadili nyumba yake. Ninachokitazama ni kazi yenyewe, na kama anayefuata ataweza kuirekebisha. Wajenzi wa zamani waliongeza kwa mwaloni, udongo, chokaa na mabua, vitu vinavyopitisha unyevu na ambavyo fundi anaweza kuvifungua kiungo kwa kiungo. Katika karne ya 20 kuta nyingi za namna hiyo zilipigwa lipu ya saruji kwa nia njema kabisa. Mbao hucheza kadiri hali ya hewa inavyobadilika, saruji haichezi, kwa hiyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia humo na kukosa pa kutokea. Ukuta kwa nje unaonekana mzima, kumbe boriti ya chini inayobeba fremu yote imeoza, na bisibisi inazama ndani yake hadi kwenye mpini. Kibali kinamlazimisha mtu aulizwe kabla ya hasara ya namna hiyo, na ndiyo maana nakiunga mkono.

Kuhusu dirisha nakubaliana nawe kabisa: fremu ya pili ya kioo inaweza kufungwa kwa ndani bila kuling'oa dirisha la zamani, na kibali chake, pale kinapohitajika, kitolewe haraka na bila gharama. Lakini yule anayeomba kuing'oa orofa iliyoingizwa ukumbini karne ya 17, ili sebule yake ipate kimo hadi paani, huku akidai kwamba anairudisha nyumba katika asili yake, huyo ombi lake ningelikataa, hata kama ndiye anayeishi humo.