Daftari imekwama, mnaandikanga nini?

nyakinyua_wa_umo: Wasee nilinunua daftari fiti nianze kuandika maisha yangu, lakini siku nne sasa ni "nimeamka, nikaenda job, nikarudi, nikalala", hadi mimi mwenyewe naboeka. Nyinyi mnatoanga wapi stori?

konda_mstaafu: Kwa mathree. Mimi hupanda 125 kurudi Rongai na hiyo jam ya Lang'ata Road unaijua, sasa jana konda alikataa nauli ya shosho fulani akamwambia anunue maziwa, na ni huyo huyo alikuwa ametutusi sisi wote Bomas. Nilijaza kurasa mbili.

sukumawiki254: Andika bei. Unga, nyanya, tokeni za stima. Nikisoma za 2019 nakumbuka hadi nilikuwa naishi na nani.

binti_wa_eastlando: Andika chenye hutaki mtu asome, alafu ufiche vizuri!! Yangu ilipatwa na siz yangu mdogo, mpaka leo ananiita jina la huyo boy mbele ya mathe.

nyakinyua_wa_umo: 😂 Sawa, leo naanza na jirani yangu na spika yake saa kumi asubuhi.