Naombeni ushauri: kalamu ya wino ya Kijapani yenye samaki wa dhahabu, ni kazi ya mkono au chapa?

msomi_kyoto: Wakuu habari zenu, niko Kyoto kimasomo, sasa pale kwenye gulio la hekalu la Toji, lile la kila tarehe 21, kuna mzee anauza kalamu ya wino nyeusi ina samaki wa dhahabu, nibu (ile ncha ya kuandikia) imeandikwa Namiki, kampuni ya kalamu ya Kijapani, mzee anasema ni ya kabla ya vita. Shida nikimpapasa yule samaki simsikii kabisa, uso wote laini, nikaanza kuwaza isije ikawa stika. Nichukue?

kaka_mdogo: Pita mbali mzee. Makie ya kweli, ile michoro ya Kijapani ya vumbi la dhahabu, mchoro unainuka, kama haujainuka hiyo ni mashine.

fundi_nibu: Hapo juu unampoteza mwenzio. Takamakie ndio inatuna, hiramakie inainuka kidogo tu, ila kuna togidashi: fundi anachora kwa urushi mbichi (vanishi ya utomvu wa mti), ananyunyizia vumbi la dhahabu, halafu anafunika yote kwa urushi tena, ikishakauka anasugua kwa mkaa na maji mpaka dhahabu itokeze ikiwa sawasawa na uso wa kalamu. Kwahiyo ulaini sio ushahidi. Beba lenzi ya sonara, dhahabu ya kunyunyiza utaona chembechembe, huku zimesongamana huku zimeachana, chapa utaona vitone vimejipanga. Na tafuta sahihi. Namiki walimchukua fundi wa makie Gonroku Matsuda 1926, mwaka 1931 mafundi wao wakawa na kundi lao Kokkokai, kalamu zao nzuri zina jina la kundi na la fundi. Kampuni ikageuka Pilot 1938. Nibu usiiamini peke yake, inachomolewa na kuwekwa nyingine dakika mbili.

dada_wa_lindi: Mimi kinachonifurahisha ni huo urushi wenyewe, ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho wetu, ndio maana ukiwa mbichi unababua ngozi, aliyewahi kuungua mdomo kwa utomvu wa embe anajua ninachosema. Na haukauki kwa kuanikwa juani, unataka kabati lenye joto na unyevu, tabaka moja likishakauka ndio unapaka jingine. Huko Japani kuna na rangi inaitwa kashu, inatokana na mafuta ya maganda ya korosho, inafanana sana na urushi na ni rahisi zaidi, muulize mzee hiyo ni ipi.

msomi_kyoto: Asanteni sana. Na kuandikia je? Bei kasema yen elfu 40.

fundi_nibu: Kuandikia inawezekana. Nyingi za enzi hizo wino unadondoshewa moja kwa moja mwilini kwa dropa, na kile kichwa cha nyuma unakilegeza kidogo wino ushuke, ukimaliza unakikaza, tena muone fundi kwanza maana kizibo cha ndani kinachozuia wino kuvuja huwa kimeshakauka. Usiiloweke majini, usiiache juani. Ila hiyo bei imenishtua aisee, makie ya Kokkokai haiuzwi hivyo hata kwa mtu mwenye njaa. Labda ni Namiki nyeusi ya kawaida, samaki kachorwa miaka mingi baadaye. Angalia kama dhahabu imeingia kwenye mikwaruzo ya zamani, ikiwa imeingia basi samaki kachorwa baada ya kalamu kutumika, mpe mzee elfu 15 uone atasemaje.